Mayonezi ya Nyumbani kwa Blenda ya Mkono: Usalama wa Yai Kabla ya Mashine

Utangulizi

Mayonezi ni sosi nzito inayotengenezwa kwa mafuta ya kula, yai, siki au maji ya ndimu, chumvi na, mara nyingi, haradali kidogo. Zamani sosi hii ilihesabiwa kuwa kazi ya wapishi wazoefu, kwa kuwa mafuta yalipaswa kudondoshwa tone kwa tone huku mkono mwingine ukikoroga bila kupumzika. Blenda ya mkono imeiondoa taabu hiyo. Sosi iliyohitaji robo saa na mkono usiochoka sasa hupatikana kwa nusu dakika, na mtu yeyote mwenye yai, mafuta na kikombe kirefu anaweza kuitayarisha nyumbani, katika kibanda cha chipsi au katika jiko la shughuli ya harusi.

Wepesi huo una jambo linalojificha ndani yake. Kelele na kasi ya mashine humfanya mtayarishaji aamini kwamba yai limepitia hatua kubwa ya kupikwa. Ukweli ni kwamba blenda husaga na kuchanganya, haiivishi. Yai lililoingia bichi hutoka bichi, na kama lilikuwa na vimelea vya ugonjwa, visu husambaza vimelea hivyo katika sosi nzima. Usalama wa mayonezi huamuliwa kabla swichi haijabonyezwa, yaani katika namna yai lilivyoandaliwa.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji anatarajiwa aweze:

1. Kueleza namna mafuta na maji yanavyoshikamana na kuwa mayonezi.
2. Kueleza kwa nini yai bichi ni hatari, na kwa nini kuosha ganda au kutumia jokofu hakutoshi.
3. Kutaja makundi ya watu wasiopaswa kula mayonezi ya yai bichi.
4. Kutayarisha mayonezi salama kwa mojawapo ya njia tatu.
5. Kutambua na kuhudumia mgonjwa aliyepata maambukizi ya salmonela kutokana na chakula.

Namna mafuta na maji yanavyoshikamana

Kwa kawaida mafuta na maji havichanganyiki. Vikitikiswa pamoja hutengana baada ya muda mfupi, mafuta yakaelea juu. Katika mayonezi, mafuta hupasuliwa kuwa matone madogo mno yanayotawanyika ndani ya kiasi kidogo cha maji yatokayo kwenye yai na siki. Mchanganyiko wa aina hii huitwa emulsheni. Kinachozuia matone hayo yasiungane tena ni viambata vya kiini cha yai, hasa lesithini na protini, ambavyo hulizunguka kila tone kwa utando mwembamba. Upande mmoja wa utando huo hushikana na mafuta na upande wa pili hushikana na maji. Haradali husaidia kazi hiyo, mbali na kuleta ladha.

Blenda ya mkono hufanya kazi vizuri kwa sababu ya mpangilio wa vitu ndani ya chombo. Yai na siki ni vizito kuliko mafuta, hivyo hukaa chini, na mafuta huelea juu. Kichwa cha blenda kinapogusa kitako cha chombo, visu hukutana kwanza na yai na siki, kisha huvuta mafuta kutoka juu kidogokidogo. Mashine inafanya yenyewe ile kazi ya kudondosha ambayo zamani ilifanywa kwa mkono. Kwa hiyo chombo kinapaswa kuwa kirefu na chembamba, kinachozidi upana wa kichwa cha blenda kwa kiasi kidogo tu, na majimaji ya chini yawe mengi ya kutosha kufunika visu.

Yai bichi na salmonela

Salmonela ni kundi la bakteria wanaoishi katika matumbo ya wanyama wengi, wakiwemo kuku. Huweza kufika kwenye yai kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kinyesi kinachoshika ganda, na kutoka hapo bakteria hupenya kwenye nyufa au vitundu vidogo vya ganda. Njia ya pili ni ya ndani: aina iitwayo Salmonella Enteritidis huweza kuambukiza viungo vya uzazi vya kuku, ikaingia ndani ya yai kabla ganda halijaundwa. Kuku huyo anaweza kuonekana mzima, na yai lake likaonekana safi, bila ufa wala harufu.

Njia hiyo ya pili ndiyo inayobatilisha imani nyingi za jikoni. Kuosha ganda hakuondoi kilichomo ndani. Tena, kuosha yai kwa maji baridi kunaweza kusababisha uchafu wa nje uvutwe kupitia vitundu vya ganda. Yai kuwa la kienyeji, au kutagwa asubuhi ileile, si uthibitisho wa usalama. Joto la mazingira nalo lina sehemu yake. Mayai yanayokaa kwenye trei dukani kwa siku nyingi katika joto la pwani hupoteza uimara wa utando unaozunguka kiini, na bakteria waliokuwa wachache kwenye ute hupata nafasi ya kufikia kiini chenye virutubisho na kuongezeka.

Mayai mengi hayana salmonela. Lakini anayetengeneza sosi ya watu wengi huvunja mayai mengi katika bakuli moja, na yai moja lenye vimelea linatosha kuharibu bakuli zima. Hatari ya sosi ya sherehe kwa hiyo ni kubwa kuliko hatari ya yai moja la mlaji mmoja.

Mafunzo kutoka nchi nyingine

Mwezi Julai 1987, katika hospitali moja ya jiji la New York, Marekani, wagonjwa 404 kati ya 965 waliokuwa wamelazwa walipata maambukizi ya Salmonella Enteritidis, na 9 kati yao walifariki dunia. Chanzo kilikuwa chakula cha samaki jodari na tambi kilichochanganywa na mayonezi iliyotengenezwa katika jiko la hospitali hiyo kwa mayai mabichi. Kilichoandaliwa kwa ajili ya kuwasaidia wagonjwa kiliwafikia watu ambao miili yao haikuwa na nguvu ya kukipinga.

Nchini Uingereza, mwezi Desemba 1988, naibu waziri wa afya Edwina Currie alitamka hadharani kwamba sehemu kubwa ya uzalishaji wa mayai nchini humo ilikuwa imeathiriwa na salmonela. Mauzo ya mayai yaliporomoka, naye akajiuzulu mwezi huohuo. Katika miaka iliyofuata, wafugaji walianza kuchanja kuku wao na kuweka utaratibu wa kufuatilia kila yai hadi shambani. Mwezi Oktoba 2017, mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza iliruhusu wajawazito, watoto wachanga na wazee kula mayai yasiyoiva vizuri, kwa sharti kwamba yawe na muhuri wa simba unaothibitisha utaratibu huo.

Hispania, ambako mayonezi ni chakula cha kila siku, ilichukua njia nyingine. Amri ya Kifalme namba 1254 ya mwaka 1991 iliwataka wenye migahawa watumie mayai yaliyopashwa joto maalumu kiwandani badala ya mayai mabichi kwa vyakula visivyopikwa. Iliweka pia masharti ya asidi yenye pH isiyozidi 4.2, ubaridi usiozidi nyuzi 8 za Selsiasi, na muda usiozidi saa 24.

Mapishi mengi ya mayonezi kwa blenda yanayosambaa leo yameandikwa na watu wanaoishi katika nchi ambako yai lina muhuri na historia inayojulikana. Ruhusa yao ya kutumia yai bichi imefungwa kwenye muhuri huo. Mapishi husafiri kwa urahisi hadi kwenye simu ya msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa. Mfumo wa chanjo ya kuku na ufuatiliaji wa mayai hausafiri nayo. Anayenunua mayai ya trei yasiyo na alama yoyote anapaswa kulichukulia kila yai kuwa linaweza kuwa na vimelea.

Kazi ya asidi, baridi na muda

Inasemwa mara nyingi kwamba siki au ndimu huua vijidudu vya mayonezi. Kauli hiyo ina ukweli, ila ni ukweli wenye masharti. Asidi ikiwa ya kutosha, salmonela haiwezi kuongezeka na hufa taratibu. Ikiwa kidogo, kwa mfano pale mtayarishaji anapokamua nusu ya ndimu kwenye mayai matatu, bakteria huendelea kuishi. Asidi ya siki ina nguvu kubwa zaidi dhidi ya bakteria kuliko asidi ya ndimu katika kiwango kilekile cha pH, kwa sababu huweza kupenya ndani ya seli ya bakteria kwa urahisi zaidi. Aidha, ukali wa ndimu hubadilika kutoka tunda hadi tunda, ilhali chupa ya siki huandikwa asilimia yake. Siki ya asilimia 5 ndiyo inayofaa kuwa tegemeo. Ndimu iongezwe kwa ajili ya ladha.

Jambo linalowashangaza wengi ni kuhusu jokofu. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba salmonela iliyomo katika mayonezi yenye asidi hufa polepole zaidi kwenye baridi kuliko kwenye joto la chumba. Baridi hupunguza shughuli za seli ya bakteria, na kwa kufanya hivyo hupunguza pia madhara ya asidi juu yake. Jokofu huzuia kuongezeka kwa vimelea, lakini halisafishi sosi iliyokwisha kuchafuka. Hii haina maana kwamba mayonezi iachwe mezani ili asidi ifanye kazi. Jikoni hakuna kifaa cha kupima pH, na asidi isipotosha, joto la nyuzi 30 huwa ni nafasi nzuri ya bakteria kuongezeka. Maana yake ni kwamba wala asidi wala baridi haipaswi kupewa kazi ambayo ni ya moto.

Ikumbukwe pia kwamba mayonezi ikishachanganywa na kabichi, viazi au kuku, asidi yake hupungua nguvu kutokana na maji na protini za vyakula hivyo. Saladi ya mayonezi iharibikayo kwenye meza ya harusi mara nyingi huwa imepoteza kinga iliyokuwa nayo ikiwa peke yake.

Watu wasiopaswa kula mayonezi ya yai bichi

Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi huharisha na kupona baada ya siku chache. Kwa makundi yafuatayo hali huweza kuwa nyingine kabisa:

- Watoto walio chini ya miaka 5, hasa wenye utapiamlo, malaria au upungufu mkubwa wa damu. Katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, salmonela zisizo za homa ya matumbo huingia kwenye damu ya watoto wa namna hii na kusababisha homa kali, wakati mwingine bila kuharisha.
- Watu wenye selimundu. Kwao bakteria huweza kukimbilia kwenye mifupa na kusababisha usaha ndani yake, na maumivu hayo yakadhaniwa kuwa ni ya kawaida ya ugonjwa wao.
- Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao kinga yao imeshuka.
- Wajawazito na wazee.
- Wagonjwa wa saratani walio kwenye matibabu, waliopandikizwa viungo, wanaotumia dawa za kushusha kinga, na wenye kisukari.
- Wanaotumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo, kama omeprazoli, kwa kuwa asidi hiyo ni mlinzi wa kwanza dhidi ya vimelea vya chakula.

Ni nadra kukuta familia isiyo na hata mtu mmoja wa makundi haya. Kwa hiyo ni busara mayonezi ya nyumbani itayarishwe kwa njia salama kwa ajili ya wote, badala ya kuandaa ya aina mbili.

Njia tatu za utayarishaji salama

*Njia ya kwanza: viini vilivyopashwa joto.* Hii ndiyo inayotoa ladha iliyo karibu zaidi na ya mayonezi ya asili. Huhitaji kipimajoto cha chakula.

Mahitaji: viini 2 vya mayai, siki ya asilimia 5, vijiko vikubwa 3 (mililita 45), maji safi, kijiko kikubwa 1 (mililita 15), haradali, kijiko 1 cha chai, chumvi, nusu kijiko cha chai, sukari, nusu kijiko cha chai, mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, mililita 300.

1. Viini, siki na maji vichanganywe katika bakuli la chuma, kisha bakuli liwekwe juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, bila kugusa maji hayo.
2. Mchanganyiko ukorogwe mfululizo hadi kipimajoto kionyeshe nyuzi 71 za Selsiasi. Kwa kiwango hicho, salmonela huuawa, na mchanganyiko huwa mzito kiasi cha kuganda mgongoni mwa kijiko. Joto likipanda sana, viini hukatika na kuwa kama mayai ya kukaanga.
3. Bakuli litolewe na kuwekwa ndani ya maji ya baridi hadi mchanganyiko upoe.
4. Mchanganyiko umiminwe kwenye chombo kirefu kilicho safi, haradali, chumvi na sukari viongezwe, kisha mafuta yote yamiminwe juu yake. Vikae kwa dakika moja ili mafuta yapande.
5. Kichwa cha blenda kishushwe hadi kitako cha chombo. Blenda iwashwe na kushikiliwa pale pale, bila kuinuliwa, kwa sekunde 15 hadi 20, hadi weupe uonekane ukipanda kutoka chini. Ndipo iinuliwe taratibu ili ivute mafuta yaliyobaki juu.

*Njia ya pili: mayai yaliyochemshwa.* Asiye na kipimajoto atumie njia hii. Mayai 2 yachemshwe kwa dakika 10 hadi 12 baada ya maji kuanza kuchemka, hadi kiini kikauke kabisa. Yapozwe, yamenywe kwa mikono safi, kisha yasagwe kwa blenda pamoja na siki vijiko vikubwa 2, maji yaliyochemshwa na kupozwa vijiko vikubwa 2, haradali kijiko cha chai na chumvi kidogo. Mafuta mililita 150 yaongezwe kidogokidogo huku blenda ikizunguka. Sosi inayopatikana ni nzito na ina ladha ya yai iliyo wazi zaidi. Sosi za viini vilivyochemshwa si jambo geni; Wafaransa wanayo moja iitwayo gribiche.

*Njia ya tatu: maziwa badala ya yai.* Protini za maziwa nazo huweza kushikilia matone ya mafuta. Maziwa yenye mafuta kamili, yaliyochemshwa na kupozwa vizuri, mililita 100, yatiwe kwenye chombo pamoja na chumvi. Mafuta mililita 200 yamiminwe juu yake, na blenda itumike kama ilivyoelezwa. Sosi ikishaanza kuwa nzito, siki kijiko kikubwa 1 iongezwe, nayo itazidi kuwa nzito. Njia hii huwafaa pia wenye mzio wa mayai, lakini haiwafai wenye mzio wa maziwa.

Kuhusu mafuta, yafaa kuchagua yasiyo na harufu kali. Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa bila kusafishwa huacha ladha nzito, na mafuta ya zeituni ya mkamuo wa kwanza huweza kuwa machungu yanaposagwa kwa kasi ya blenda.

Sosi ikikatika, yaani mafuta yakitengana, sababu huwa ni chombo kipana mno, blenda kuinuliwa mapema, au majimaji ya chini kuwa machache. Sosi iliyokatika haina madhara kiafya. Hata hivyo, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuongeza kiini kipya kibichi, na kwa kufanya hivyo faida yote ya kupasha joto hupotea. Badala yake, kijiko kimoja cha chai cha haradali na kijiko kikubwa cha maji ya moto viwekwe kwenye chombo kingine safi, kisha sosi iliyokatika imiminwe humo polepole huku ikisagwa.

Usafi na usalama wa blenda

Katika nyumba nyingi, blenda iliyotengeneza mayonezi ndiyo itakayosaga boga au ndizi ya mtoto anayeanza kula. Mabaki ya yai hujificha chini ya kikombe kinachofunika visu, mahali ambapo macho hayafiki. Mara baada ya kazi, kichwa cha blenda kizungushwe ndani ya maji ya moto yenye sabuni kwa sekunde kadhaa, kisha kitenganishwe na mota, kisuguliwe kwa brashi, kisuuzwe na kukaushwa. Mota isitumbukizwe majini.

Blenda ichomolewe kwenye umeme kabla ya kidole au kijiko kugusa visu. Majeraha ya vidole hutokea pale mtu anapotoa sosi iliyonasa kwenye visu huku mkono wa pili ukiwa karibu na swichi. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kuvunja mayai, na mayai yenye ufa yatupwe.

Kuhifadhi na kupakua

Mayonezi ya njia ya kwanza na ya pili ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, ndani ya jokofu lenye nyuzi zisizozidi 5, na iliwe ndani ya siku 3. Ya maziwa iliwe ndani ya saa 24. Ikikaa nje kwa zaidi ya saa 2, itupwe. Joto likizidi nyuzi 32, muda huo uwe saa 1. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, kanuni ni hiyohiyo.

Kwa wauzaji wa chipsi, chupa ya kuminya inayoshinda juani na kujazwa tena kila inapopungua ni hatari hata kama sosi ya awali ilikuwa salama, kwa kuwa mabaki ya zamani huchanganyika na mapya. Ni afadhali kuwa na chupa ndogo kadhaa ndani ya kasha la barafu, kila moja itumike hadi iishe na kuoshwa kabla ya kujazwa tena.

Mayonezi na lishe

Usalama dhidi ya vimelea haufanyi mayonezi kuwa chakula cha kula bila kiasi. Kijiko kikubwa kimoja cha mayonezi ya njia ya kwanza kina takriban kilokalori 100, karibu zote kutoka kwenye mafuta. Vijiko vitatu juu ya sahani ya chipsi huongeza nishati kubwa kwa mtu ambaye tayari anapambana na uzito au kisukari. Kwa upande mwingine, mafuta ya alizeti yana asidi za mafuta zisizoganda, ambazo ni bora kwa moyo kuliko mafuta yanayoganda, na anayejitengenezea ndiye anayeamua kiasi cha chumvi. Hilo ni la manufaa kwa mwenye shinikizo la damu. Mgonjwa aliyekonda anayehitaji nishati nyingi katika chakula kidogo anaweza kunufaika na sosi hii, mradi isiwe ya yai bichi.

Kwa mhudumu wa afya

Dalili za maambukizi ya salmonela huanza saa 6 hadi 72 baada ya kula, mara nyingi kati ya saa 12 na 36. Nazo ni homa, maumivu ya tumbo, kuhara, kichefuchefu na pengine kutapika. Kwa wengi hudumu siku 2 hadi 7.

Historia ya chakula ichukuliwe kwa upole na bila lawama. Swali la "Umekula nini kibaya?" humfanya mgonjwa ajitetee. Swali kama "Mama, katika siku tatu zilizopita, mtoto amekula kitu chochote chenye yai au sosi isiyopikwa? Kuna mwingine nyumbani anayeumwa?" hupata jibu lenye manufaa zaidi.

Tiba ya msingi ni kurudisha maji na chumvi mwilini kwa ORS. Mtoto anayeharisha apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14, kwa kipimo kilichowekwa na mwongozo wa nchi, na aendelee kunyonya. Viuavijasumu havihitajiki kwa mtu mwenye afya aliyepata kuhara kwa kawaida. Havimponyeshi haraka, vinaweza kurefusha muda wa kubeba vimelea, na huchangia usugu. Watoto wachanga, wenye selimundu, wenye kinga iliyoshuka na wote wanaoonyesha dalili za maambukizi kwenye damu wanahitaji kutathminiwa haraka na kutibiwa kwa viuavijasumu kwa kufuata mwongozo wa nchi.

Kipimo cha Widal kisitumike kuthibitisha ugonjwa huu. Salmonela za chakula huchangia baadhi ya alama na ile ya homa ya matumbo, hivyo majibu yanaweza kupotosha. Kuotesha kinyesi, au damu kwa mwenye homa kali, ndiko kunakotoa jibu.

Mgonjwa arudishwe au apelekwe kituoni mara moja akiwa na damu kwenye choo, homa isiyoshuka, kulegea, kushindwa kunywa, mkojo kidogo au kuchanganyikiwa. Mwenye selimundu mwenye homa, au maumivu ya mfupa yasiyo ya kawaida yake, asisubiri nyumbani. Watu wawili au zaidi waliokula chakula kimoja wakiugua, mganga mkuu wa wilaya ajulishwe, na mabaki ya chakula yahifadhiwe kwenye ubaridi kwa uchunguzi badala ya kutupwa.

Hitimisho

Blenda ya mkono ni kifaa kizuri, na mayonezi ya nyumbani inaweza kuwa na ladha nzuri, chumvi kidogo na gharama nafuu. Kinachotakiwa ni kutenganisha kazi za vitu vinne: moto huua vimelea, asidi huvizuia, baridi huchelewesha kuharibika, na mashine huchanganya. Palipo na mashine, asidi na baridi bila moto, yai bado ni bichi. Dakika chache za kupasha viini au kuchemsha mayai hazipunguzi wepesi wa sosi hii, na kwa mtoto mwenye selimundu au bibi anayekula sahani moja na wajukuu, dakika hizo zinaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mlo na maradhi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuosha ganda la yai hakuondoi hatari yote ya salmonela?
2. Eleza kwa nini jokofu haliwezi kusafisha mayonezi iliyochafuliwa na vimelea.
3. Jirani asiye na kipimajoto anataka kutengeneza mayonezi kwa ajili ya sherehe yenye wajawazito na watoto. Ni njia ipi utakayomshauri, na kwa sababu gani?
4. Mayonezi ya viini vilivyopashwa joto imekatika. Ni marekebisho gani yaepukwe, na yapi yafanyike?
5. Kijana mwenye selimundu amekuja na homa na maumivu ya paja siku tatu baada ya harusi. Taja maswali mawili na vipimo viwili vya kuanza navyo.